Kutoka KEZ hadi KIT

Mkutubi mmoja wa maktaba ya mkoa hapa Mwanza haniulizi napenda vitabu vya aina gani. Huuliza, "Mama, cha mwisho kukimaliza bila kuruka kurasa ni kipi?" Safari ile nilimtajia Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Akanipeleka kwenye namba 896.392, ambayo kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu maktabani kwa namba za mada, ni ya fasihi ya Kiswahili, akaniambia niangalie majirani zake.

Mgongoni mwa kile cha Kezilahabi pameandikwa KEZ, herufi tatu za mwanzo za jina lake. Kusogeza mkono kidogo tu, nikakuta KIT: Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wote wawili ni watoto wa Ukerewe! Kitereza alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, na kwa Kiswahili kikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Jinsi kilivyo kinene, bila yule dada nisingekigusa.

Nilifunua nyuma kwanza, kwenye karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Mihuri ikisongamana msimu mmoja kisha kimya, najua wanafunzi walikuwa na mtihani. Ya kitabu hiki ilikuwa michache, ila imetawanyika miaka na miaka. Vya namna hiyo ndivyo ninavyoviamini zaidi, maana kila aliyekiazima alikitaka mwenyewe.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na wateja wakipungua nasoma. Mzee mmoja wa Ukerewe alikikuta kando ya mizani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni cha kwetu. Umefika kwenye pombe?"

Nilikuwa nimefika. Myombekere amenyang'anywa mke na wakwe, na ili arudishiwe anadaiwa pombe ya ndizi. Mzee akaniomba nimsomee kwa sauti, na kila hatua ya kuitengeneza akawa anaitikia, "Ehee, ndivyo." Wachukuzi wawili wakatua magunia kusikiliza. Mmoja akataka kujua mke alirudi au hakurudi. Sikumwambia. Nilimwandikia namba ya rafu kwenye kipande cha boksi, nikamweleza aombe fomu ya uanachama pale kaunta, na asiogope kuuliza.

Kitabu nimekirudisha juzi. Kama yule mchukuzi hajakiwahi, kipo.