Kumbukumbu ya mradi wangu: nembo ya saluni ya mbwa na paka, Kibuli

Mchoro umekubalika, rangi imeamuliwa, na fundi wa mabango amekwisha kupima ukuta. Katika mradi huu wa kuosha na kunyoa wanyama wa nyumbani, nembo ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko mabeseni, tangi la maji ya moto na mashine za kunyolea, na sijutii. Beseni mteja huliona akishaingia ndani. Nembo huiona akiwa bado juu ya boda, anapanda kilima, na hapo hapo huamua kama mahali hapa panamhusu au ni pa watu wengine.

Tuko Kibuli, Kampala, upande unaoelekea mtaa wa Muyenga. Huko juu ni mageti marefu, mbwa wakubwa wa ulinzi, na wale wadogo weupe wenye manyoya ya kuchanwa kila siku. Huku chini, kuzunguka msikiti, nyumba nyingi zina paka, na nyua nyingine zina mbwa wa kawaida wa hapa, wenye manyoya mafupi. Nawataka wote. Hilo ndilo lililoongoza kila uamuzi ninaouandika hapa chini.

Machi

Kijana aliyesomea sanaa Makerere alituletea michoro ya kwanza. Alikuwa amechora pudo, yule mbwa wa manyoya ya kujisokota, aliyenyolewa miguu, na utepe shingoni. Mkono wake ni mzuri kweli. Shangazi aliutazama mchoro ule kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu ni wa Wazungu. Wa kwetu atakuja kuogeshwa lini?"

Swali lake lilinikaa. Mbwa wengi wa Kampala wana masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja na manyoya mafupi, wa sura inayokaribiana na basenji wa bonde la Kongo. Mbwa wa namna hiyo hahitaji mkasi. Anahitaji kuoga, kupigwa brashi, kukatwa kucha, na zaidi ya yote kukaguliwa kupe: ndani ya masikio, kwenye kwapa, katikati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba vijidudu vya babesia na erlikia, na mbwa anaweza kudhoofika hadi kufa wakati mwenyewe anadhani amechoka tu na jua. Kwa hiyo anayeihitaji kazi yetu kuliko wote ni mbwa ambaye mwenyewe hajawahi kufikiria kumpeleka saluni. Bango likionyesha pudo mwenye utepe, mtu huyo atapita moja kwa moja.

Nikamwomba kijana amchore mbwa wa uani. Ameketi, anaonekana kwa ubavu, sikio juu, mkia umejikunja, kwa mstari mmoja mnene usio na kivuli. Mchoro wa pili tu, ikawa ndiyo.

Unyayo niliukataa mapema. Alama nne za vidole na moja kubwa ya kiganja utaikuta kwenye kliniki za mifugo, mifuko ya chakula cha mbwa, hata stika za magari. Ukiuona huwezi kukumbuka ni wa nani. Isitoshe, paka hurudisha kucha ndani anapotembea na mbwa hazirudishi, hivyo ukichora kucha umechora mbwa, ukiziacha umeelekea kwa paka.

Msalaba nao hapana, wala nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Msalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, si pambo la duka. Nyoka na fimbo ni alama ya matabibu. Sisi hatutibu. Tukikuta kidonda au homa tunamwelekeza mteja kwa daktari wa mifugo, na nembo isimwambie vingine.

Aprili, mvua zimeanza

Mwezi huu wote ni paka.

Jirani yetu Hajati ana paka watatu anaowapenda sana. Nilikwenda kumwonyesha mchoro wa mbwa na paka wamekumbatiana, kichwa juu ya kichwa, ambao mwenzangu wa kazi aliupenda. Hajati akaushika, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hawa wanaoga beseni moja?" Nikamwambia la, Hajati, kila mmoja na lake. Akasema: "Basi picha yako inasema jingine."

Alikuwa na haki. Waislamu wengi wa hapa hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo, hupita jikoni na kulala kwenye mkeka wa swala. Mama anayemleta paka wake kwetu anataka kujua, kabla hajauliza, kwamba taulo, brashi na beseni la paka havijamgusa mbwa. Sisi tulishapanga hivyo tangu mwanzo, milango miwili na ukuta katikati, lakini mchoro wa kukumbatiana ulikuwa unaukana mpango wetu wenyewe.

Mwenzangu alitetea kwamba kukumbatiana kunaleta upendo. Kwa Muyenga pengine. Mimi naona upendo wa mteja wa Kibuli unaonekana katika kuheshimiwa usafi wa nyumba yake, nikasimama hapo.

Tulichofanya: mbwa na paka wamechorwa kwa mstari wa unene mmoja, urefu mmoja, kila mmoja peke yake. Paka amesimama, mkia juu, anatazama upande wake. Ukutani watakaa kila mmoja juu ya mlango wake, na jina katikati. Aproni na taulo za upande wa paka zina paka tu. Nembo ni moja, lakini inagawanyika bila kuharibika, na hilo limetusaidia hata kwenye mambo ambayo hatukuwa tumeyawazia, kama stika za makreti ya kubebea paka.

Mei

Rangi. Uganda huwezi kuchagua rangi kwa macho tu. Njano ni ya chama cha NRM, tena ya kampuni ya simu ya MTN. Nyekundu ni ya chama cha NUP, tena ya simu za Airtel. Buluu watu wataisoma chama cha FDC, kijani DP. Mwendesha boda wa steji yetu alinishauri: "Madamu, ukipaka njano, wakati wa kampeni watu watakuja kuuliza fulana." Sitaki mtu yeyote asite mlangoni kwa ajili hiyo.

Nilivutiwa na kahawia nyekundu ya olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2008. Ni rangi ya hapa hasa. Mwenzangu ni Muganda, akanikumbusha kwamba olubugo huvaliwa katika sherehe za heshima lakini pia ndiyo maiti huvikwa. Kwenye duka la viumbe ambavyo watu wanavilea kama watoto, tukaiacha. Tumechukua kahawia iliyokolea, ya kahawa iliyokaangwa, juu ya rangi ya maziwa. Ni rangi ya mbwa wetu wenyewe, na haina chama.

Kisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini. Swali la kwanza la fundi: "Dada, umeleta vekta au picha?" Tulikuwa na vekta, tumeichora upya kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure. Picha ya kawaida imejengwa kwa vitone, ukiikuza inachakaa kingo. Vekta huhifadhi mistari yenyewe, hivyo faili lile lile linatosha muhuri wa risiti na ukuta mzima. Herufi za jina tuligeuza kuwa mistari pia, maana kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako itakuwekea yake.

Rangi moja tu pia ni hesabu: kwenye fulana na aproni, kila rangi inataka fremu yake ya kuchapia. Na kwenye udarizi mistari myembamba hupotea, kwa hiyo masharubu ya paka yameondoka. Nilisikitika kidogo, lakini masikio na mkia vinatosha kumtambulisha. Tuliijaribu pia ndani ya duara dogo la WhatsApp, na bado unaona nani mbwa, nani paka.

Bango la plastiki lililochapwa nimelikataa. Tazama mabango ya zamani mjini: yamebaki ya kibuluu, kwa sababu jua hula wino wa majenta (waridi iliyokolea) na wa njano kwanza, na kahawia yetu imejaa hizo mbili. Ukutani tutapaka rangi ya mafuta kwa mkono, na fundi ataweza kuipitia tena ikififia.

Juni

Jina nimelipeleka URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ndiyo maana silitaji hapa mpaka likamilike. Kwa wanaoanza: kusajili jina la biashara hakulindi mchoro. Nembo huombewa kama alama ya biashara, chini ya sheria ya 2010, na huduma za usafi na urembo wa wanyama zimo katika daraja la 44 la mgawanyo wa alama za biashara. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye gazeti la serikali, na kwa siku 60 mtu anaweza kulipinga. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baadaye kila 10. Hii ni sababu nyingine ya kutochukua michoro iliyo tayari mtandaoni: mchoro ambao yeyote anaweza kuuchukua huwezi kudai ni wako peke yako. Kijana wetu ametuandikia na kusaini karatasi ya kutukabidhi haki za mchoro, na jina lake litaandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ukuta, kama alivyoomba.

Fundi anaanza na mlango wa paka, ukuta ukikauka. Mbwa atafuata, kisha jina. Kilichobaki kwangu ni kuamua urefu wa herufi zinazosomeka kutoka steji ya boda. Kesho nakwenda kubandika karatasi tatu za ukubwa tofauti na kusimama pale niangalie.