Mtaa wa Mtae kwenye turubai: barabara imekaa, sasa rangi

Turubai ni sentimita 60 kwa 90, rangi ni akriliki. Mahali ni Mtae, Usambara Magharibi, kijiji kilichopanda juu ya mgongo wa mlima. Nyuma ya nyumba ardhi inakatika, na chini kabisa ndiyo tambarare ya Mkomazi.

Kipande cha njia nilichochagua kinateremka kuanzia miguuni pa mtazamaji, na hapo ndipo penseli ilipofanya kazi kubwa. Kingo za barabara inayoteremka hukutana chini ya mstari wa macho, yaani usawa wa macho ya mtazamaji. Mabati na madirisha yamejengwa kwa pimamaji, kwa hiyo mistari yake huelekea kwenye mstari wa macho wenyewe. Ukiipeleka yote sehemu moja, mteremko unakufa. Jirani yangu fundi mwashi alipita akatazama. "Hapo sawa, mwanangu. Ila upande wa chini onyesha mawe ya msingi, nyumba ya mlimani haikai hivi hivi." Shikamoo yake ilistahili mara mbili siku hiyo! Mawe nimeyaweka.

Udongo wa kule ni mwekundu kwa oksidi ya chuma, na mvua huurusha ukutani, kila nyumba ikawa na pindo jekundu chini. Pindo hilo nimelipaka kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa maji. Tambarare ya mbali ni nyeupe na buluu, pamoja na tone la rangi ile ile ya barabara ili vitu viwili hivyo visigombane. Rangi naichanganya ing'ae kuliko ninavyoitaka, maana akriliki ikikauka hufifia kuelekea giza.

Bodaboda zote zilizokuwa kwenye picha nilizopiga nimezitoa. Watu nao nimewatoa, lakini sitaki kijiji kilichohamwa: kuna nguo kwenye kamba, mlango uliorudishwa nusu, na moshi unaopenya kwenye paa la jiko. Ni saa tisa alasiri, wengi bado wako shambani. Vivuli vinaanza kuvuka njia, na kwa kuwa vinafuata mashimo na matuta, vinanisaidia kuonyesha umbo la barabara kuliko mstari wowote.

Bado mikaratusi ya kulia na kutu ya mabati. Kahawia ya dukani naiona nzito mno. Kwanza nitajaribu chungwa na buluu kwenye karatasi.