Pesa ya mchezo (upatu) ikitoka, anza na klampu

Usikimbilie randa ya umeme. Kwa seremala wa Dar es Salaam mwenye banda dogo, iwe Keko au Mbagala, kinachokwamisha kazi ni kukosa klampu, vile vibano vya chuma vya kushikilia mbao. Kuunga kwa gundi mbao za meza ya sentimita 120 kunahitaji klampu 5: 3 chini, 2 juu, zikipishana. Ukibana upande mmoja tu, meza inapinda. Dukani Gerezani, kaza klampu mpaka mwisho kabla hujalipa; pau, kile chuma chake kirefu, ikijikunja, iache.

Kisha drili ya milimita 13, yaani inayoshika biti nene hadi hapo. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita 2.5 za mraba. Mwembamba na mrefu hushusha volti, mota inachemka, halafu anasingiziwa Mchina. Patasi: milimita 6, 12 na 25, basi. Kuranda, peleka kwa mwenye mashine.