Siku moja maishani mwangu: tundu la memori lililodaiwa kufa

Saa mbili asubuhi. Sijamaliza kufagia kibanda changu hapa Chake Chake, dada mmoja mpiga picha za harusi kutoka Wete ameshafika na laptopu kwapani.

“Assalaamu alaykum, kaka. Tundu la memori limekufa. Nimeambiwa ninunue kisomaji cha nje.”

“Waalaykumu salaam, dada, karibu ukae. Limekufa moja kwa moja au lina saa zake?”

Akafikiri. Kadi yake ya zamani ya GB 16 inasomeka laptopu ikiwa kwenye chaji. Akichomoa waya, haisomeki. Hii mpya ya GB 64, yenye picha za harusi ya juzi, haisomeki kabisa. Maelezo hayo kwangu ni nusu ya kazi. Kifaa kilichokufa hakichagui saa.

Saa tatu. Naanza na kadi zenyewe, maana hewa ya bahari haina huruma na shaba. Nafuta yale meno tisa kwa pamba yenye spiriti, kisha nasukuma kile kiswichi cha ubavuni kwenye kufuli ili kompyuta isiandike kitu juu ya picha. Laptopu inatumia mfumo endeshi wa Linux Mint 19. Naandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta, na kisomaji hicho hapo: Realtek RTS5229. Mbele ya jina lake pameandikwa “Unassigned class”, na wengi wakiona hivyo hudhani Linux haikijui. Inakijua. Draiva yake (programu ya kukiendesha), rtsx_pci, imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, tangu 2013.

Saa nne. Nachomoa chaji, nafungua dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo, natia kadi ya GB 16. Kimya. Naangalia faili la power/control la kisomaji: “auto”, yaani kinaruhusiwa kulala. Nabadilisha kuwa “on”, kibaki macho, natia kadi tena, na mstari wa mmcblk0, jina ambalo Linux huipa kadi, unatokea hapo hapo.

Dada alikuwa ameweka TLP, programu ya kuokoa chaji, ili betri imfikishe mwisho wa harusi. Laptopu ikiwa kwenye betri, TLP huruhusu vifaa vilale, na kisomaji hiki kikilala hakihisi kadi inapoingia. Wapo wanaoiondoa TLP yote. Mimi naona ni hasara, hasa huku ambako umeme unaweza kukatika wakati wowote. Nimeandika anwani ya kisomaji kwenye orodha ya vifaa ambavyo TLP haitakiwi kuvigusa, basi.

Adhuhuri nakwenda kuswali, narudi na wali kwa mchuzi wa pweza.

Saa nane. Kadi ya GB 64 sasa inaonekana, lakini haifunguki: mfumo unasema haujui exfat, yaani namna faili zilivyopangwa kwenye kadi hiyo. Dada ananiambia yupo aliyemshauri aifomati. Hapo nilikasirika kweli. Kufomati kadi ile ni kufuta harusi ya watu, na harusi hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Kadi za zaidi ya GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani na exFAT, mali ya Microsoft. Kampuni hiyo ilichapisha maelezo yake Agosti 2019, na keneli 5.4 ya Novemba mwaka huo ndiyo ya kwanza kuja na draiva yake. Mint hii ina keneli 4.15. Dawa ni ndogo: sudo apt install exfat-fuse exfat-utils. Nikaifungua kwa kusoma tu, na picha zikaanza kujipanga: mikono ya bi harusi, hina na piko mpaka kwenye viwiko.

Saa kumi. Nakala moja inaingia kwenye laptopu, nyingine kwenye diski ya nje. Nazima, nawasha bila chaji, natia kadi zote mbili kwa zamu. Zinasomeka.

Dada anataka kuifuta kadi pale pale, ana harusi nyingine Ijumaa. Nimemwambia asubiri. Tumekaa tunafungua picha za kila nakala, za mwanzo, za katikati na za mwisho, ndipo nikairudisha swichi na kumpa kadi yake.