Mzee anataka wageni wafutwe

Leo nipo Jambiani, kwenye nyumba ya wageni ya mzee mmoja. "Mwanangu, nifutie wote wa kabla ya 2019, wananijazia kompyuta tu." Nikaandika DELETE, amri ya kufuta, hifadhidata ya wageni ikagoma. Safi! Jedwali la malipo bado linawataja wageni hao kwa ufunguo wa nje, yaani kiungo kinachofunga kila malipo na mgeni wake, kwa hiyo huwezi kumwondoa mgeni ukaacha risiti zake zinaning'inia. Unaanza na malipo, mgeni mwisho. Mzee kusikia "malipo" akaruka: "Ngoja! Nakala kwanza, watu wa kodi hawana mzaha."

Mimi kabla ya DELETE huandika SELECT, amri ya kuonyesha tu, yenye WHERE (sharti la nani aguswe) ile ile, niwaone kwa macho wanaoondoka. WHERE ikisahaulika kwenye DELETE, jedwali linabaki tupu. Ila DROP TABLE ndiyo balaa lenyewe, inaondoka na jedwali zima, si safu mlalo tu. Kwenye programu ya hifadhidata ya PostgreSQL ukianza na BEGIN (amri ya kufungua muamala), ROLLBACK, yaani amri ya kurudisha nyuma, bado inakuokoa. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, haina huruma hiyo: ukishaandika DROP, imepita.

Nakala ipo kwenye flashi, imefungiwa kabatini. Sasa mzee anauliza kama kuna amri ya kuwafuta wanaolala bila kulipa 😂