Kwa Nini Dublin Iliacha Kuliamini Neno la London

Anayedhani kwamba Waayalandi waliitilia shaka serikali ya Uingereza wakati wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya chuki ya zamani tu, hakuishi huku miaka ile. Mimi naishi Dundalk, karibu na mpaka wa Ayalandi Kaskazini, na nilishuhudia imani hiyo ikimomonyoka kwa mambo ya wakati uleule.

Ayalandi ilibaki katika Umoja wa Ulaya na Ayalandi Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, hivyo swali lilikuwa mpaka kati yao ungekuwaje. Tarehe 4 Desemba 2017 Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa Brussels kwa mazungumzo na Umoja huo, maneno kuhusu mpaka yakiwa yameshaafikiwa na Dublin ikijiandaa kuyatangaza, ndipo Arlene Foster, kiongozi wa DUP, chama cha Ayalandi Kaskazini kinachotaka kubaki ndani ya Uingereza, ambacho wabunge wake 10 ndio walioishikilia serikali ya May, alipompigia simu na kuyakataa. Mwafaka ulipatikana tarehe 8, Uingereza ikiahidi kuepuka mpaka wenye vizuizi. Siku mbili baadaye David Davis, waziri wa Brexit, alisema kwenye televisheni kwamba yale yalikuwa tamko la nia zaidi kuliko jambo la kulazimishwa kisheria. Kesho yake alijirudi, lakini Dublin ilikuwa imeshasikia. Januari 2019 May mwenyewe aliwahimiza wabunge wake wapige kura ya kuondoa kipengele cha kuepuka vizuizi mpakani katika mkataba wa kujitoa alioukubali Novemba iliyotangulia.

Mpaka wenyewe una urefu wa takriban kilomita 500, na tangu amani ya mwaka 1998 wenyeji wanauvuka bila kuuona. Sisi wenye pasipoti za Tanzania tunauona vizuri sana: kisheria, kwenda Newry kununua unga kunahitaji viza ya Uingereza, hata kama barabarani hakuna askari. Labda ndiyo maana nilielewa haraka hofu ya jirani zangu.

Kisha akaja waziri mkuu Boris Johnson, aliyekubali Itifaki ya Ayalandi Kaskazini, iliyouacha mpaka wazi kwa kuhamishia ukaguzi kwenye bidhaa zinazotoka Uingereza kwenda Ayalandi Kaskazini, Oktoba 2019 na kuinadi kwa wapiga kura kama ushindi. Septemba 2020 waziri wake, Brandon Lewis, alikiri bungeni kwamba muswada mpya wa kukwepa baadhi ya vipengele vya itifaki hiyo ungevunja sheria ya kimataifa, ingawa kwa namna mahususi na yenye mipaka. Mimi sijawahi kuona serikali ikitangaza kosa lake kabla ya kulitenda. Ni kweli kwamba Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, nayo iliteleza Januari 2021, ilipotaka kutumia Kifungu cha 16, kinachoruhusu upande mmoja kusimamisha sehemu za itifaki, ili kudhibiti usafirishaji wa chanjo, lakini ilirudi nyuma ndani ya saa chache. London, kinyume chake, ilirefusha misamaha ya ukaguzi wa bidhaa Machi 2021 bila kukubaliana na Ulaya, na Oktoba mwaka huo Dominic Cummings, aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa Johnson, akaandika kwamba nia ilikuwa kuvitupa vipengele vya itifaki wasivyovipenda. Naibu waziri mkuu wa Ayalandi wakati huo, Leo Varadkar, aliyaonya mataifa yanayotaka mikataba na Uingereza kwamba serikali ile si lazima itimize neno lake.

Hali ilianza kulegea Februari 2023 tu, waziri mkuu Rishi Sunak alipokubaliana na Umoja wa Ulaya Mwafaka wa Windsor, uliorekebisha itifaki, na kuuacha muswada mwingine uliokusudia kuifuta sehemu ya itifaki.