Kisima chetu Chanika na kura moja kwa kila kaya

Nimekulia Urambo, Tabora. Miaka ya 1990 wenyeji walianzisha ushirika wa watumiaji umeme. Jenereta za dizeli ziliunguruma jioni kwa saa chache, basi mji mzima unachangamka. Bei ilikuwa juu kuliko ya Tanesco, lakini baba, mwanachama, alilipa bila kinyongo. Dizeli ikipanda anamfuata mjumbe wa kamati, jirani yake, anaelezwa na kuonyeshwa hesabu.

Nilimkumbuka sana baba hapa Chanika. Tulijikusanya kaya 43, tukapata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, tukachimba kisima, tukafunga pampu ya umeme na tangi la lita 10,000. Nikachaguliwa mweka hazina.

Mwaka wa kwanza maboza yalianza kuja alfajiri kununua maji. Yanalipa taslimu, hayakopi, na mimi nikafurahia jinsi akaunti ilivyonenepa. Siku moja bibi mmoja mwanachama akanikuta kisimani na ndoo yake tupu, jua limeshapanda. "Mwanangu, hela naziona, maji siyaoni. Kisima hiki cha nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri.

Tukaitisha mkutano chini ya mwembe. Suala la maboza lilikwisha mapema: yaje baada ya saa tano, wanachama wakishateka. Kilichotukalisha mpaka magharibi ni kura. Kuna waliochanga 50,000 na kuna waliochanga 300,000, na hawa wa mwisho walitaka sauti zao zizidi. Niliwaelewa, bila wao tusingefika kwenye mwamba. Hata hivyo nilisimama nikasema wazi kwamba aliyechanga zaidi arudishiwe ziada yake kidogo kidogo, lakini kura ibaki moja kwa kila kaya, maana kiu haipimwi kwa mchango. Tulipita kwa tofauti ya kura nne. Mmoja alijitoa, mpaka leo inaniuma, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi.

Tangu hapo kila Jumapili ninasoma daftari kwa sauti: uniti za umeme wa LUKU tulizonunua, ndoo zilizotoka, fundi kalipwa ngapi. Watu wanauliza maswali makali, nami nayapenda.

Wazo la gawio, yaani kuwagawia wanachama faida, nililipata kwa kusoma habari za Marekani. Miaka ya 1930 kampuni za umeme zilikwepa mashamba, nguzo nyingi kwa nyumba chache hazikuwalipa. Wakulima wakaunda vyama vyao, wengi kwa kiingilio cha dola 5, serikali ikawakopesha. Vyama hivyo vipo mpaka leo, na ziada huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme aliotumia. Nikasema hili hata kwetu linawezekana: tuhesabu ndoo za kila kaya, faida ya maboza tuigawe kwa hesabu hiyo, tukishatenga akiba ya pampu.

Desemba iliyopita tuligawa. Bibi yule alipata 14,200. Kabla ya kupokea akaomba nimsomee mstari wake, kisha akanipeleka jikoni kwake. Ukutani alikuwa amechora kila ndoo kwa mkaa. Siku mbili sikuwa nimeziandika. Nikafungua daftari palepale, nikaziandika, nikamwongezea chake.